Laptopu Inaganda Baada ya Kupandisha Windows: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Ukurasa huu ni wa mwenye laptopu iliyokuwa ikienda vizuri, akapandisha toleo la Windows, mara nyingi kutoka 10 kwenda 11, na sasa inaganda. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, usije ukatafuta kitu kisichokuwepo.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kufomati ndiyo dawa inayotolewa kwanza katika vibanda vingi vya mjini, na ndiyo inayofaa kutolewa mwisho. Mara nyingi toleo jipya halikuharibu kitu. Limeipa kazi nzito mashine iliyokuwa tayari na diski inayokufa, feni iliyojaa vumbi au draiva (programu inayounganisha Windows na kifaa) ya kale, na ugonjwa ukajitokeza. Ukifomati kabla ya kujua ni upi, itaganda tena wiki ijayo, na faili zako zitakuwa zimekwenda.

Nimepandisha jana, na leo yaganda kila baada ya dakika chache. Nianze wapi?

Anza kwa kungoja, lakini ngoja ukiwa unatazama. Baada ya kupanda toleo, Windows huwa na kazi nyingi za chinichini: hujenga upya faharasa ya kutafutia faili, Defender (antivirusi ya Windows yenyewe) hukagua diski, programu za Store hujisasisha, na masasisho yaliyobaki huendelea kuteremka. Kwenye SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) mambo hayo huisha kwa saa chache. Kwenye diski ya kuzunguka (HDD) yaweza kuchukua siku moja au mbili.

Chomeka chaja, unganisha Wi-Fi isiyo na kikomo kama unayo (ukitumia bando la simu utaliona likiyeyuka), kisha ingia Settings, System, Power & battery, uiambie isilale ikiwa kwenye chaja. Iache usiku kucha, mahali penye hewa. Asubuhi chagua Restart. Usichague Shut down, kwa sababu kipengele kiitwacho Fast Startup huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha vilevile ukiwasha, pamoja na draiva zake zenye matatizo. Restart ndiyo huanza upya kweli.

Usingoje, hata saa moja, ikiwa diski inatoa mlio wa tik-tik, au sehemu ya kuwekea mikono imevimba. Kwa mlio, nakili faili zako muhimu sasa hivi. Kwa uvimbe, soma sehemu ya betri hapa chini.

Nitajuaje ni kuganda kwa aina gani?

Jambo hili ndilo lenye faida kuliko yote, na halikugharimu kitu. Laptopu ikiganda, kabla ya kugusa kitufe cha kuwasha, fanya majaribio haya kwa mfuatano.

Bonyeza Caps Lock mara mbili tatu na utazame taa yake. Taa ikiwaka na kuzima, mfumo bado uko hai. Kilichokwama ni programu au picha ya skrini. Taa isipobadilika, mashine yote imesimama.

Kama taa inaitika, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa na pengine utasikia mlio mfupi: umeianzisha upya draiva ya picha. Mambo yakirudi, mshukiwa wako ni draiva hiyo.

Yasiporudi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Task Manager ikifunguka, hata kwa kuchelewa, tazama ni safu gani iko karibu na asilimia 100: CPU (prosesa), Memory (RAM, kumbukumbu ya kazi) au Disk (diski). Andika kwenye karatasi. Fundi aliye makini atakuuliza hilo kabla ya kushika bisibisi.

Halafu kuna tofauti ya muda. Inayoganda sekunde 30 hadi dakika moja kisha ikaendelea kama hakuna kilichotokea kwa kawaida ina shida ya diski au mawasiliano na diski. Inayoganda moja kwa moja, sauti ikikwama kwenye neno moja na kujirudia, huelekea RAM, joto, draiva au umeme. Inayozidi kuwa nzito kadiri unavyofungua vitu imeishiwa RAM.

Kuizima kwa kushikilia kitufe kuna madhara?

Yapo, lakini wakati mwingine hakuna njia nyingine. Shikilia sekunde 10, ngoja taa zote zizime, ngoja nusu dakika, washa. Usifanye hivyo kamwe skrini ikiwa imeandika kwamba inaweka sasisho, hata kama asilimia imekaa palepale kwa saa moja, maadamu taa ya diski inapepesa.

Windows huandika wapi kilichotokea?

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `perfmon /rel`, bonyeza Enter. Utaona kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo kitu kilianguka. Linganisha siku ya kwanza ya alama na siku uliyopandisha toleo. Zikiwa zilianza kabla, toleo jipya lasingiziwa.

Kwa undani zaidi fungua `eventvwr.msc`, kisha Windows Logs, System. Nenda kwenye dakika ya kuganda na usome yaliyoandikwa kidogo kabla yake. Nambari za kutafuta:

Tukio 7 kutoka "disk" ni sehemu mbovu ya diski. Tukio 153 ni ombi la kusoma au kuandika lililorudiwa. Tukio 129 kutoka storahci, iaStorA au stornvme (draiva za hifadhi) ni diski iliyoacha kujibu mpaka Windows ikalazimika kuianzisha upya. Tukio 4101 kutoka Display ni draiva ya picha iliyokwama ikafufuliwa. Yanayotoka WHEA-Logger ni malalamiko ya vifaa vyenyewe: prosesa, RAM au njia za ubao mama.

Watu wengi hukutana na Kernel-Power 41 na kuiletea fundi kama ushahidi. Hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, na huenda ni wewe uliyeshikilia kitufe. Haitaji chanzo.

Task Manager yaonyesha Disk asilimia 100, na sijafungua chochote. Kwa nini?

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia, hasa kwa laptopu zilizokuja na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500 au terabaiti 1. Diski ya namna hiyo, ya mizunguko 5,400 kwa dakika, ina sindano inayosafiri kutafuta kila kipande cha faili. Inaweza kutimiza maombi yapatayo 100 ya hapa na pale kwa sekunde. SSD ya SATA hutimiza makumi ya maelfu. Windows 11 inagusa vijifaili vingi kwa wakati mmoja, na sindano haiwezi kuwa pote.

Fungua Task Manager, Performance, Disk 0. Kwanza, chini ya jina utaona HDD au SSD. Pili, tazama "Average response time". Diski ya kuzunguka yenye afya ikifanya kazi nyepesi hujibu kwa makumi ya milisekunde. Ukiona maelfu ya milisekunde ilhali kasi ya kusoma ni ya kilobaiti chache tu, diski hiyo inapigana na sehemu zilizokufa.

Hakikisha kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbovu. Usitosheke na rangi. Soma mistari mitatu: 05 (sehemu zilizohamishwa), C5 (zinazosubiri kuamuliwa) na C6 (zisizosomeka). Kwenye diski yenye afya yote ni sufuri. Angalizo: programu hiyo huandika thamani hizo kwa heksadesimali, kwa hiyo 10 unayoiona ni 16. C5 ikiwa juu ya sufuri, nakili faili kwanza, mengine baadaye. Usianze na `chkdsk /r`, amri ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski ya namna hii: itaipitia yote, sehemu kwa sehemu, kwa saa nyingi, na yaweza kuwa safari yake ya mwisho.

Ikiwa diski ni nzima ila ni ya kuzunguka, unaweza kupunguza mzigo: zima programu zinazojiwasha (Task Manager, Startup apps), ondoa folda kubwa kwenye faharasa, acha nafasi ya gigabaiti 20 au zaidi. Itakusogeza kidogo. Ukweli ni kwamba fedha ya kwanza ya kutumia kwenye laptopu hiyo ni ya SSD, kabla ya RAM, kabla ya betri, kabla ya chochote. Ya gigabaiti 240 au 256 yatosha kwa kazi za ofisi.

SSD gani itaingia kwenye laptopu yangu?

Fungua kifuniko au tafuta mwongozo wa modeli yako kabla ya kununua. Laptopu nyingi zilizotumika Uingereza zinazouzwa hapa ni za familia chache. HP EliteBook 840 G3 ina nafasi ya inchi 2.5 na pia tundu la M.2 la urefu wa milimita 80. Lenovo ThinkPad T460 hutumia ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Dell Latitude E7470 ina M.2 tu, kwa hiyo SSD ya inchi 2.5 haitakusaidia. Na M.2 ni umbo tu: ndani yake kuna za SATA na za NVMe, njia mbili tofauti za kuwasiliana na mashine, na tundu lisilokubali NVMe halitaiona hata ikikaa vizuri.

Kuhamisha mfumo mzima, Clonezilla ni ya bure na hufanya kazi, mradi SSD mpya isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. Diski ikiwa na sehemu mbovu, usiihamishe nzima. Weka Windows upya kwenye SSD, kisha nakili faili zako kupitia kebo ya USB ya SATA.

Yangu ni SSD tayari, na bado yaganda kama dakika moja kisha yaendelea.

Tafuta tukio 129. Mara nyingi ni mgogoro wa kuokoa umeme: mfumo unailaza njia ya diski, diski inachelewa kuamka, kila kitu kinasubiri. Fungua Control Panel, Power Options, Change plan settings, Change advanced power settings, PCI Express, Link State Power Management, weka Off kwa betri na kwa chaja. Jaribu siku nzima.

Ikiendelea na chanzo ni iaStorA, draiva ya hifadhi ya Intel iliyobaki kutoka Windows ya zamani haipatani na mpya. Ingia Device Manager, IDE ATA/ATAPI controllers, bofya kulia kidhibiti, Update driver, Browse my computer, Let me pick, chagua Standard SATA AHCI Controller, kisha Restart. Onyo: fanya hivyo tu ikiwa BIOS (programu ya ubao mama inayotangulia Windows) imewekwa AHCI, namna ya kawaida ya kuendesha diski. Latitude nyingi za Dell hutoka kiwandani zikiwa RAID On, na ukibadilisha hovyo Windows haitawaka. Angalia BIOS kwanza, kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad.

Angalia nafasi pia. SSD iliyojaa hadi kooni hupungua kasi, na kupandisha toleo huacha folda ya Windows.old inayokula makumi ya gigabaiti. Inafutika kwa Disk Cleanup, Clean up system files, Previous Windows installation(s). Lakini usiifute kabla ya kusoma jibu la kurudi toleo la zamani.

Yaganda nikitazama video, nikiwa kwenye Chrome au kwenye mkutano wa video.

Draiva ya picha. Wakati wa kupandisha, Windows hubeba draiva ya zamani au huweka ya jumla. Device Manager, Display adapters, bofya kulia, Properties, kichupo cha Driver. Ikiwa Roll Back Driver inabonyezeka, ijaribu. Ikiwa imefifia, teremsha draiva ya modeli yako kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, HP, Dell au Lenovo, ukitumia nambari iliyo chini ya mashine. Kaa mbali na zile programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi huleta draiva isiyo yako pamoja na matangazo.

Ukiwa na haraka ya kazi, zima "Use graphics acceleration when available" kwenye mipangilio ya System ya Chrome. Video itaila prosesa zaidi, lakini utamaliza mkutano.

Je, joto la Mombasa linachangia?

Sana, na si kwa sababu ya uzito wa Windows peke yake. Feni haipoozi prosesa chini ya joto la chumba. Inachoweza ni kuisogeza kuelekea hapo. Chumba cha nyuzi 32 kinaanza mbio kikiwa nyuma kwa nyuzi kumi dhidi ya ofisi ya huko laptopu hiyo ilikotumika kwanza. Januari hadi Machi, kwenye nyumba ya mabati Likoni au Kongowea mchana, mashine iliyopumua vizuri Ulaya inakabwa.

Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe, ndiyo maana mashine hutambaa; zikizidi, huzima ghafla. Pima kwa HWiNFO au HWMonitor. Ukiwa hufanyi kitu, nyuzi 45 hadi 60 ni kawaida kwa hapa kwetu. Ikigonga 95 kwa kufungua kivinjari tu, tatizo lako lina vumbi.

Kusafisha: zima, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, tenganisha plagi ya betri kwenye ubao kabla ya kitu kingine. Shika mapanga ya feni yasizunguke, kisha puliza kutoka upande wa mapezi ya shaba kwenda ndani na utoe ule mkeka wa vumbi ulioziba. Shika feni kweli. Ukiiacha izungushwe na upepo wa kompresa utaiharibu beringi yake. Ukiondoa bomba la joto, futa dawa ya zamani ya kupitishia joto iliyokauka kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele kwenye kila chipu, rudisha skrubu kwa mfuatano wa nambari zilizochapwa kando yake.

Pwani ina adui wa pili, hewa ya chumvi na unyevu. Hula miguu ya shaba ya RAM na kuweka ukungu wa kijani kwenye soketi, na hilo hugandisha mashine bila mpangilio. Chomoa RAM, sugua miguu yake polepole kwa kifutio cha penseli, malizia kwa alkoholi, ikauke, rudisha mpaka vishikio viite "tik". Jambo dogo, na limefufua laptopu nyingi zilizokwisha hukumiwa ubao mama.

Na usiiweke juu ya godoro. Tundu la hewa liko chini.

Chaja na betri zinahusika vipi?

Laptopu nyingi za Dell zisipoitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa na kukataa kuchaji, ingawa taa inawaka. Chaja ya bandia yenye plagi inayoingia haitoshi. Ukiwasha na kuona ujumbe kwamba aina ya chaja haijulikani, umepata jibu bila kufungua skrubu hata moja. Jaribio rahisi: iondoe kwenye chaja, itumie kwa betri. Ikichangamka, badilisha chaja kwa yenye volti ileile na wati zisizopungua zilizoandikwa.

Betri iliyovimba huinua kipadi cha kugusa, na kipanya kinaanza kuruka au kukataa. Wengine huita huko kuganda. Acha kuitumia, usiitoboe, usiibonyeze irudi ndani. Itolewe na fundi.

Jambo jingine la kabla ya kupandisha. Ukiwa na betri iliyokufa na unategemea ukuta, stima ikipotea katikati, faili za mfumo zaweza kubaki nusu. Kama hilo ndilo lililokupata, fungua Terminal kama msimamizi (bofya kulia Start, Terminal (Admin)) na uandike `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, kisha ikimaliza, `sfc /scannow`. Mfuatano ni huo: ya kwanza hukarabati ghala, ya pili huchukua vipuri kutoka ghalani. Ya kwanza huhitaji intaneti na huweza kusimama kwenye asilimia 62 kwa muda mrefu, iache.

RAM ya gigabaiti 4 yatosha?

Kuwasha, ndiyo. Microsoft yenyewe imeweka 4 kama kiwango cha chini cha Windows 11. Kufanya kazi ukiwa na iTax, WhatsApp na Excel vimefunguka pamoja, la. Weka 8. Hakikisha aina: ThinkPad X250 ina tundu moja la DDR3L, X260 ina tundu moja la DDR4, na hizo mbili haziingiliani, hata ufa wake uko mahali tofauti. Shaka ya RAM mbovu hupimwa kwa `mdsched.exe`, au kwa MemTest86 usiku kucha ukitaka uhakika. Kosa moja tu latosha kuitupa.

Haifiki hata kwenye nywila. Inaganda kwenye nembo.

Chomoa kila kitu cha USB, pamoja na kipanya na modemu. Ikishindwa tena, iwashe na uizime kwa kitufe mara tatu mfululizo pindi nembo inapotokea. Mara inayofuata itaingia kwenye ukarabati. Chagua Troubleshoot, Advanced options. Huko kuna Uninstall Updates, na kuna Startup Settings ambako nambari 4 huwasha Safe Mode, Windows yenye mambo ya lazima tu. Ikienda vizuri kwenye Safe Mode, vifaa vyako vina uhai na lawama ni ya draiva au programu. Ondoa uliyoweka mwisho.

Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la diski) wa tarakimu 48, usipaniki wala usimruhusu mtu afute diski. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, sehemu ya vifaa. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa hapo. Kwa laptopu ya kampuni, mwulize anayesimamia mitambo. Usipopatikana popote, faili zilizo ndani hazifunguki, na fundi anayedai kwamba anaweza kuzifungua anadanganya.

Naweza kurudi toleo la zamani?

Ndani ya siku 10: Settings, System, Recovery, Go back. Faili zako hubaki, programu ulizoweka baada ya kupandisha huondoka. Ukitaka muda zaidi wa kuamua, na siku hizo hazijaisha, andika kwenye Terminal ya msimamizi `DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30`. Ukifuta Windows.old, mlango umefungwa.

Kumbuka kwamba Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mtumiaji wa nyumbani anayejiandikisha kwenye mpango wa ziada wa Microsoft hupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kurudi ni kununua muda wa kutafuta SSD au mashine nyingine.

Laptopu yangu ya kizazi cha 6 haikukubaliwa rasmi, lakini fundi aliweka Windows 11. Je, ndiyo sababu?

Yawezekana. Windows 11 rasmi yataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), na kwa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. i5-6300U ni ya kizazi cha 6. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi kwa mashine za zama hizo. Ikiwekwa kwa kuruka vizuizi huenda ikafanya kazi vizuri kabisa, hasa yenye SSD na gigabaiti 8. Shida ni mbili: draiva ulizo nazo huenda ni za Windows 10, na toleo kubwa la mwaka halitakujia lenyewe. Kwa Core 2 Duo usijisumbue. Toleo la 24H2 la Windows 11 linadai amri za prosesa ambazo hizo hazina, na halitawaka.

Antivirusi na "activator" je?

Antivirusi mbili kwa pamoja hugandishana. Kila moja hukagua faili ambayo mwenzake ameishika. Ondoa ya zamani kwa zana ya kuondolea ya kampuni yake, ubaki na Defender. Kuhusu activator (programu ya kuifanya Windows isiyolipiwa ionekane imelipiwa), mficha uchi hazai: mwambie fundi ukweli. Nyingi hujificha kama huduma inayojiwasha, Defender ya toleo jipya huivamia, huduma hujirudisha, na prosesa yako ndiyo uwanja wa vita.

Kumtafuta mkorofi mwingine: `msconfig`, Services, weka tiki "Hide all Microsoft services", Disable all, Restart. Ikitulia, rudisha nusu yake, kisha nusu ya nusu, mpaka umpate.

Nina mzigo bandarini na ritani za kuwasilisha. Nipandishe lini?

Si wiki ya mwisho ya Juni, wakati ritani za mtu binafsi zinatakiwa kufikia tarehe 30. Na kwa ofisi za kuondoa mizigo, si siku meli imefunga gati. Pandisha Ijumaa jioni, nakala za hati zikiwa kwenye diski ya nje iliyochomolewa. Ukisasisha BIOS siku hiyohiyo, sitisha BitLocker kwanza.

Nimejaribu yote, bado. Ni programu au ni kifaa?

Chukua flashi ya gigabaiti 8, andika Linux Mint (mfumo mwingine usio Windows) kwa programu ya Rufus, iwashe laptopu kutoka flashi na uchague kujaribu bila kuweka. Fungua kivinjari, cheza video kwa saa moja au mbili.

Ikienda bila kuganda, RAM, prosesa na picha zina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima. Umebaki na Windows au diski, kwa kuwa hukuigusa diski. Soma tena CrystalDiskInfo. Ikiwa safi, sasa kuweka Windows upya kuna maana, na hapo kufomati si kosa.

Ikiganda hata kwenye Linux, hakuna Windows itakayoiponya. Mpelekee fundi na umweleze: Caps Lock ilifanya nini, matukio gani yaliandikwa, nyuzi ngapi, iliganda baada ya muda gani kutoka kwenye flashi. Mtake apime kwa RAM moja moja na kwa chaja inayojulikana kuwa nzima kabla ya kutaja ubao mama. Ukiacha laptopu kwake, toa diski yako, ubaki nayo. Hatahitaji faili zako kupima vifaa.